Radi, moto na plazma: si kitu kimoja, na shambani tofauti yake ni mali na uhai

Mawingu yameanza kukusanyika na kama kawaida maswali ya radi yameanza kuingia. Mengi yanafanana. Je, radi ni moto unaoanguka kutoka juu? Kwa nini ng'ombe watano wafe chini ya mti mmoja na wasiwe hata na alama ya kuungua? Ni kweli kwamba mvua ya radi ina mbolea ndani yake? Na hii "plazma" tunayoisikia kwa mafundi wa kukata chuma ni kitu gani?

Somo la leo ni fizikia kidogo, lakini usikimbie. Mkulima anayeelewa tofauti ya vitu hivi vitatu anajua azime kwa maji au asizime, ng'ombe awaweke wapi wingu likitanda, na urea aipunguze au aiache ilivyo. Twende taratibu.

Tuanze na maneno yenyewe

Shika sentensi hii moja, ndiyo uti wa mgongo wa somo: moto ni mmenyuko wa kikemia, plazma ni hali ya maada, radi ni tukio la umeme.

Yaani, ukiuliza "moto ni nini?" jibu linahusu kitu kinachoungua na oksijeni. Ukiuliza "plazma ni nini?" jibu linahusu gesi ilivyo, kama tunavyosema barafu, maji na mvuke. Ukiuliza "radi ni nini?" jibu linahusu umeme uliotoka sehemu moja kwenda nyingine. Radi inatengeneza plazma, na inaweza kuwasha moto. Lakini yenyewe si moto.

Moto

Moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, oksijeni, na joto la kuanzishia. Ondoa kimoja tu, moto umekufa. Ukimwaga maji kwenye kuni unaondoa joto. Ukifunika sufuria ya mafuta yaliyowaka unaondoa oksijeni. Ukilima barabara ya kuzuia moto pembeni mwa shamba unaondoa cha kuungua.

Kuni zenyewe haziwaki zikiwa kuni. Zikifika nyuzi 250 hadi 300 hivi za sentigredi, zinaanza kutoa gesi kwa wingi, na gesi hiyo ndiyo inayoungana na oksijeni ya hewani, ambayo ni asilimia 21 ya hewa yote. Mwali wa kuni kwa kawaida uko kati ya nyuzi 800 na 1,100 hivi. Rangi ya njano unayoiona ni chembe ndogo za masizi zilizopata moto zikang'aa. Ndiyo maana jiko la gesi lenye hewa ya kutosha linatoa mwali wa bluu: gesi inaungua vizuri, masizi hayapo.

Je, mwali wa moto ni plazma? Hapa watu wengi wanakosea. Ndani ya mwali zipo chembe chache zenye chaji ya umeme, ni kweli. Lakini ni chache mno. Mwali wa kuni au wa mshumaa ni gesi ya moto tu, haujafika kuitwa plazma.

Plazma

Chukua barafu, ipashe: inakuwa maji. Pasha maji: yanakuwa mvuke. Je, ukiendelea kupasha gesi mpaka maelfu na maelfu ya nyuzi?

Fikiria muhindi. Gunzi liko katikati, punje zimelishika pande zote. Atomi nayo ina kiini katikati na elektroni kukizunguka. Gesi ya kawaida ni mahindi mazima. Ukiipiga kwa joto kali sana au kwa umeme mkubwa, elektroni zinapukuchuliwa kutoka kwenye atomi. Sasa una mchanganyiko wa punje na magunzi, kila kimoja kinakwenda kivyake. Hiyo ndiyo plazma, hali ya nne ya maada. Jina hilo lilitolewa na mwanakemia wa Marekani, Irving Langmuir, mwaka 1928.

Kwa kuwa elektroni ziko huru, plazma inapitisha umeme. Hewa ya kawaida haipitishi. Hii ndiyo tofauti kubwa ya kukumbuka.

Na tazama: plazma haihitaji oksijeni. Haihitaji kuni. Jua ni plazma, na hakuna kinachoungua kule kwa maana ya kuni kuungua. Taa ndefu za tyubu zina plazma ndani yake, na ukizigusa kwa nje hazikuunguzi, kwa sababu gesi iliyomo ni kidogo sana. Mwanga mkali wa fundi anayechomelea geti ni plazma yenye joto la zaidi ya nyuzi 6,000, ndiyo maana chuma kinayeyuka kama mafuta, na ndiyo maana ukiutazama bila kioo macho yanauma usiku mzima. Yale maumivu yanatokana na mionzi ya urujuanimno.

Radi

Ndani ya wingu kubwa la mvua, vipande vidogo vya barafu vinagongana na mawe laini ya barafu. Kila vinapogongana vinapeana chaji. Vile vyepesi vinapanda juu na chaji chanya, vizito vinabaki chini na chaji hasi. Wingu linakuwa kama betri kubwa isiyo na waya.

Hewa inazuia. Hewa kavu huku chini inahitaji takribani volti milioni 3 kwa kila mita ili isalimu amri. Lakini tofauti kati ya wingu na ardhi inaweza kufika mamia ya mamilioni ya volti, na mahali fulani kizuizi kinavunjika. Umeme unaanza kushuka kwa hatua, kila hatua mita kama 50, ukitafuta njia. Ukikaribia chini, kitu kirefu kilichochongoka, kama mti, nguzo au mtu aliyesimama katikati ya shamba tupu, kinatuma cheche kwenda juu kuupokea. Zikikutana, mzunguko umekamilika.

Mkondo wa kawaida ni kama ampea 30,000. Linganisha na sakiti ya soketi za nyumbani, ambayo swichi yake inakata umeme ukizidi ampea 32 hivi. Njia ambayo mkondo huo unapita haizidi sentimita chache kwa upana, na hewa iliyomo inafika nyuzi 30,000 hivi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo ndiyo inakuwa plazma. Inapanuka kwa ghafla kama mlipuko, na mlipuko huo ndio ngurumo unayoisikia. Lakini kila pigo linadumu sehemu ndogo sana ya sekunde.

Huo ufupi ndio unaojibu swali la ng'ombe wasioungua. Joto ni kubwa kuliko moto wowote utakaouwasha shambani, ila halikai. Kinachoua si kuungua, ni umeme kupita kwenye moyo na ubongo. Mti nao mara nyingi unapasuka badala ya kuwaka: maji yaliyo ndani yake yanageuka mvuke ghafla, na maji yakiwa mvuke yanachukua nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya mwanzo. Lazima gome liruke. Ziko radi ambazo mkondo wake unakawia kidogo zaidi baada ya pigo la kwanza, na hizo ndizo hasa zinazowasha nyasi na mapaa.

Tofauti kwa ufupi

- Chanzo: moto ni kitu kuungana na oksijeni. Plazma ni gesi iliyopukuchuliwa elektroni. Radi ni chaji kuhama kati ya wingu na ardhi, au ndani ya mawingu yenyewe.
- Joto: moto wa kuni, nyuzi 1,000 hivi. Radi, nyuzi 30,000 hivi. Plazma inategemea, iko ya taa na iko ya jua.
- Muda: moto unadumu mpaka mafuta au hewa iishe. Radi ni kufumba na kufumbua. Plazma inadumu maadamu nishati inaingia.
- Kuisimamisha: moto, ondoa kimoja kati ya vitatu. Plazma ya umeme, kata umeme. Radi haina swichi. Unachoweza ni kuipa njia ya kwenda ardhini na wewe kuwa mbali na njia hiyo.

Mvua ya radi na mbolea: ukweli uko wapi?

Hewa tunayovuta ni asilimia 78 naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuitumia ikiwa hivyo. Atomi zake mbili zimeshikana kwa nguvu sana. Joto la radi linazivunja, zinaungana na oksijeni, na mwishowe zinashuka na mvua zikiwa naitreti, chakula cha mmea. Kwa hiyo wazee hawakukosea kabisa.

Na binadamu ameiga. Mwaka 1903 nchini Norway, Kristian Birkeland na Sam Eyde walianza kupuliza hewa kupita kwenye mwali mkubwa wa umeme, yaani plazma, wakapata asidi ya naitriki. Asidi hiyo wakaichanganya na chokaa, ikawa mbolea ya naitreti ya kalsiamu. Kampuni ya Norsk Hydro ilianzishwa mwaka 1905 kwa ajili ya kazi hiyo. Njia yao ilimeza umeme mwingi mno, ikazidiwa na njia ya Haber na Bosch, iliyoanza kiwandani Ujerumani mwaka 1913, ambayo ndiyo msingi wa urea unayonunua leo.

Sasa hesabu. Radi inaleta kilo chache tu za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka mzima. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Kwa hiyo usipunguze urea eti mwaka huu radi zimepiga sana.

Basi ule ukijani wa ghafla baada ya mvua za kwanza unatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka ardhini. Udongo uliokauka ukipata maji, vijidudu vyake vinaamka kwa kishindo, vinaozesha mboji na kuachia naitrojeni kwa wingi. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, Kenya, alieleza jambo hili katika andiko lake la mwaka 1958, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Funzo lake kwa mfuko wako: naitrojeni hiyo ya bure inapatikana siku za mwanzo wa mvua, kisha mvua kubwa inaiosha. Aliyeandaa shamba mapema akapanda mapema anaivuna. Anayechelewa wiki tatu anaisindikiza mtoni.

Na moto je? Moto unafanya kinyume kabisa cha radi. Ukichoma mabua, naitrojeni nyingi iliyomo inaondoka na moshi. Majivu yanabaki na potashi, kalsiamu na sehemu ya fosforasi, lakini naitrojeni umeifukuza, halafu unarudi dukani kuinunua. Radi inaleta kidogo, moto unaondoa kingi.

Kwa nini radi moja inaua kundi zima

Agosti 2016, kwenye uwanda wa Hardangervidda huko Norway, kulungu wa baridi 323 walikutwa wamekufa pamoja baada ya dhoruba. Haikuwa lazima kila mmoja apigwe na radi yake.

Radi ikigonga chini, umeme unasambaa ardhini kama maji yaliyomwagwa. Karibu na pigo volti ni kubwa, mbali zinapungua. Tuseme mahali fulani volti zinapungua 1,000 kwa kila mita. Mtu aliyebana miguu, sentimita 20 tu kati ya kidole na kisigino, anapata tofauti ya volti 200. Ng'ombe mwenye mita 1.5 kati ya miguu ya mbele na ya nyuma anapata volti 1,500, na umeme ukipanda mguu wa mbele na kutokea wa nyuma, moyo uko njiani. Ndiyo maana mchungaji anaweza kupona na ng'ombe wake wasipone. Hakuna aliyetumwa, hakuna jirani wa kunyooshewa kidole. Kuna urefu wa miguu na mahali waliposimama.

Nini cha kufanya shambani

1. *Hesabu sekunde.* Sauti inachukua sekunde 3 hivi kusafiri kilomita moja. Ukiona mwanga na ngurumo ikafuata ndani ya sekunde 30, radi iko kilomita 10 au pungufu. Acha kazi, ingia ndani. Rudi shambani dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, si mvua inapopungua.

2. *Ndani ni wapi?* Ni nyumba iliyojengwa vizuri, au gari lenye bodi ya chuma na madirisha yamefungwa. Kinachokulinda kwenye gari ni bodi inayouzungusha umeme nje yako, si matairi. Kibanda cha nyasi, banda la mabati lililoegemezwa kwenye miti, trekta isiyo na kabini na bodaboda, vyote si kinga. Wala gambuti. Umeme uliovuka kilomita kadhaa za hewa hautashindwa na sentimita mbili za raba.

3. *Mti mmoja katikati ya malisho.* Uzungushie uzio ng'ombe wasiusogelee, au panda kivuli cha miti mingi mahali pa chini. Mti mmoja mrefu ndio mwenyeji wa kwanza wa radi.

4. *Uzio wa seng'enge.* Radi ikipiga waya, inasafiri nao mpaka kwa ng'ombe aliyeuegemea mbali kabisa. Kama nguzo ni za mbao, weka nguzo ya chuma iliyozama vizuri ardhini na kuguswa na nyaya zote kila baada ya mita 40 hadi 50. Tahadhari: hii ni kwa uzio wa kawaida. Uzio wa umeme una utaratibu wake, fuata maelekezo ya mtambo.

5. *Mabati na kingaradi.* Bati halivuti radi kwa kuwa ni chuma. Urefu na upweke wa jengo ndivyo vinavyohusika. Lakini paa la bati lisilounganishwa na ardhi ni hatari, kwa sababu umeme utaruka kutoka paani kumfuata mtu au mnyama. Mwite fundi umeme mwenye leseni aliunganishe na nondo za shaba zilizozamishwa ardhini. Fremu ya chuma ya kitalu nyumba nayo ni hivyo hivyo.

6. *Pampu ya sola.* Ichomoe kabla ya dhoruba, si katikati yake. Na hapa plazma inarudi: umeme wa DC wa paneli ukichomolewa plagi wakati unafanya kazi, unavuta mwali wa plazma kati ya pini, na mwali huo haujizimi kirahisi. Umeme wa AC wa gridi unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana mwali wake hufa upesi. Zima swichi ya DC kwanza, ndipo uchomoe.

7. *Kuzima.* Nyasi na kuni, maji. Petroli na dizeli, mchanga au mtungi wa unga, kwani mafuta yanaelea juu ya maji na kusambaa. Kitu chenye umeme, kata umeme kwanza, usimwage maji.

8. *Ghala la nyasi.* Marobota yaliyofungwa na unyevu unaozidi asilimia 20 yanajipasha yenyewe. Joto la ndani likifika nyuzi 55, kagua kila siku. Likifika 80, moto uko karibu. Usiyafumue peke yako, kwani unayapa oksijeni iliyokuwa inakosekana. Ita zimamoto.

Mtu akipigwa

Mwili wake hauna umeme uliobaki. Mguse. Kama hapumui na hana mapigo, anza kumkandamiza kifua papo hapo, katikati ya kifua, kwa nguvu, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri. Wapo wanaokufa kwa sababu tu walio karibu waliogopa kuwagusa.

Ng'ombe amekufa ghafla: ni radi au kimeta?

Hapa naomba uniangalie usoni. Mvua imenyesha usiku, asubuhi ng'ombe amelala chini, kila mtu anasema radi, visu vinanolewa. Simama.

Kimeta nacho kinaua ghafla. Ukiona damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au sehemu ya haja, mzoga umevimba haraka na haukakamai, shuku kimeta. Lakini mzoga wa radi nao unaweza kuvimba upesi, na radi haiachi alama kila mara. Kwa macho peke yake huwezi kuapa. Kwa hiyo kanuni ni moja: usichune, usipasue, usigawe nyama. Ukipasua mzoga wa kimeta, vimelea vinapata hewa na kutengeneza mbegu zinazoishi kwenye udongo wako kwa miongo kadhaa. Funika mzoga, zuia mbwa, mwite afisa mifugo. Atachukua damu kidogo sikioni na kuipima. Kupoteza nyama ya ng'ombe mmoja kunauma, najua. Kupoteza malisho na watu wa nyumbani kunauma zaidi.

Jipime

1. Jua linawaka bila oksijeni. Kwa nini haliitwi moto?
2. Radi ina joto mara 30 hivi ya moto wa kuni. Kwa nini mara nyingi haiwashi mti iliougonga?
3. Umeona mwanga, ukahesabu sekunde 12 ndipo ngurumo ikafika. Radi iko umbali gani, na unafanya nini?
4. Jirani anachoma mabua "ili kupata mbolea". Utamwambia nini kuhusu naitrojeni?

Majibu yote yamo humo juu. Ukiyapata manne, wiki hii anza na kazi mbili: kagua nguzo za uzio wako, na uwafundishe vijana wako wa shamba kuhesabu sekunde. Msimu mwema, na tuonane shambani.